Si ya Kulia

Siku niliyozaliwa mara ya pili nilikuwa na miaka sitini na tatu. Sisemi habari za kuokoka, hizo ni za zamani. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki katika wodi ya akina mama mjini Nyeri, mguu mmoja nimeunyoosha mbele kwa sababu haukukubali kukunjwa, wakati mwanangu alipoinua kifurushi kutoka kitandani na kukiambia, "Karibu, mami." Mimi pale pembeni nikajibu, "Asante." Wauguzi wakacheka, lakini sikuwa nafanya mzaha.

Kwetu, msichana wa kwanza wa mwanamume hupewa jina la mama yake huyo mwanamume, na kupewa jina si kukumbukwa tu kama vile unavyoandikwa kwenye benchi la kanisa. Mtoto ni wewe. Ndiyo maana mwanaume mzima mwenye ndevu anamwita kifurushi cha kilo tatu "mami", na hakuna anayeshangaa. Basi nikakaa pale nikijitazama usoni, nina nywele nyingi na hasira ya njaa, nikajipenda sana.

Shida ni kwamba sikuweza kujibeba.

Hilo lilijitokeza wazi mtoto alipofika miezi mitatu, shingo ikiwa imekaza. Mama yake mke wa mwanangu alikuwa amekuja kutoka Wang'uru na gunia la mchele. Ni mwanamke mzuri, na hilo nalisema mapema ili nisije nikaonekana mbaya. Ananizidi umri kidogo, ila amezeeka akipanda mpunga, na wapanda mpunga hukunja mgongo asubuhi na kuukunjua jioni bila kumlalamikia mtu. Akachukua leso, akainama, akamweka mtoto mgongoni, akafunga kifundo kifuani, akaendelea kufagia. Mambo yote hayo yalichukua muda wa kupiga chafya. Mimi nilikuwa nimezama kwenye mojawapo ya yale makochi laini yanayommeza mtu, nikitazama mwanamke mwingine akinibeba mimi mwenyewe na kuniimbia. Wivu ulinishika, na sioni haya kuusema.

Nikataka kusimama nimwambie alete huyo mtoto. Nikashika mkono wa kochi, nikajisukuma, na kiuno kikanikata hapo hapo, nikabaki nusu nimekaa nusu nimesimama.

"Mama, kaa tu," huyo mkwe wangu wa Wang'uru akaniambia kwa upole. "Mguu yako ikipoa utambeba. Mtoto haendi mahali."

Ati mtoto haendi mahali. Mtoto ndiye kitu cha kwanza kwenda mahali. Leo analala, kesho anakaa, kesho kutwa anakimbia, na akishakimbia ni nani tena atakayemweka mgongoni? Nikahesabu kichwani: nina mwaka mmoja na nusu, labda na miezi michache ya bahati. Ndani ya muda huo, ama nipate mgongo wa kumbebea mimi mdogo, ama atakuwa mtu mzima asiyejua mgongo wa mwenye jina lake unanukaje. Nilisema hivyo kwa mwanangu na akaniambia nisijisumbue na mawazo. Wanaume hawajui vitu.

Maumivu yenyewe yalikuwa na miaka minne. Yalianzia kwenye majani chai, upande wa Othaya, mahali ambapo shamba likilala tambarare unajua umefika barabarani. Miaka thelathini nimechuma majani kwenye mteremko nikiwa na kikapu mgongoni, mguu mmoja juu mwingine chini. Siku moja pakaanza kuuma ndani, pale paja linapokutana na mwili, uchungu wa aina ya jino bovu. Ukashuka hadi kwenye goti. Ukahamia. Nikawa siwezi kuvaa soksi. Niliitupa chini, nikaifungua mdomo kwa fimbo, nikaingiza vidole kwa kubahatisha. Kanisani tukiambiwa tusimame tuimbe, mimi nilifika juu wenzangu wakiwa ubeti wa pili. Na choo chetu ni cha shimo, cha kuchuchumaa, kwa hivyo hayo mengine nakuachia ujaze mwenyewe.

Dawa nilipata, tena nyingi, kwa sababu huku ukichechemea barabarani kila anayekupita ni daktari. Nilichemshiwa supu ya mifupa mpaka mbwa akaanza kuniangalia vibaya. Jirani akaniambia nijichape na thabai mbichi, ule mmea unaowasha, na kweli kiuno kilisahau uchungu wake kwa siku mbili kwa sababu ngozi ilikuwa na wake. Sokoni kuna bwana mwenye kipaza sauti anayeuza chupa moja inayotibu viungo, presha na kukosa bahati. Nilikunywa, na bahati haikuja. Binamu yangu akanipeleka Kianyaga kwa mama mmoja anayevuta miguu. Alinilaza kwenye mkeka, akashika kifundo cha mguu, akavuta kama mtu anayeng'oa kisiki. Nilimwambia maneno ambayo mama wa kanisa hasemi. Akaniambia hayo maneno ndiyo ugonjwa unaotoka. Ulitoka ukazunguka nyumba ukarudi ndani.

Lakini sasa nilikuwa na haraka, kwa sababu ya yule mtoto. Wiki ile ile ya leso nikaenda kliniki moja mjini, nikapanga foleni na watu wengi wenye bahasha kubwa za eksirei.

Daktari alikuwa binti wa pale pale Nyeri, mzaliwa wa Majengo, mtaa wa Waswahili, ushungi mweupe kichwani, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuzaliwa nacho. Sisi wengine wa mashambani tulikiokota shuleni na sokoni, tunakitembelea kama viatu vya kuazima. Nikamwambia niko na shida ya kiuno, inaanzia hapa, inashuka hivi. Nilionyesha kwa mkono juu juu tu, maana nilikuwa na sketi nzito na sweta mbili, na mlango ulikuwa wazi na bahasha zote zilikuwa zikichungulia.

"Hiyo ni nyonga, mama," akasema akiandika. Halafu bila kuinua kichwa akauliza, "Ni ya kulia?"

Sasa nisikilize vizuri. Huku kwetu mkono ni wa raiti ama wa lefti. Ukiwa kanisani, ni mkono wa kuume na wa kushoto. Neno kulia nilikuwa nalijua kwa kazi moja tu, ile ya machozi. Kwa hivyo nilichosikia ni binti mdogo akiniuliza kama maumivu yangu ni yale ya kumfanya mtu alie. Mimi nimezaa watoto wanne na mkunga hakunisikia sauti. Nilimzika mume wangu nikiwa nimesimama wima, mkoba mkononi, watu wakanong'ona kwamba nina moyo wa jiwe. Nikajinyoosha kwenye kile kiti, nikampa jibu la heshima.

"Hapana. Si ya kulia."

Akaandika. Nikaona amefurahishwa na ujasiri wangu.

Kwenye eksirei nililazwa, nikageuzwa mguu wa lefti ndani, picha ikapigwa. Nilitaka kuuliza kwa nini wanapiga mguu mzima usiouma. Nikajiambia nyamaza wewe, hawa wamesoma, pengine wanaanza na ule mzuri ili wapate wa kulinganisha. Picha ilipotoka, yule binti akaishika kwenye mwanga na kunipongeza. Nyonga safi kabisa kwa umri wangu. Akanipa vidonge, na karatasi yenye picha za mtu anayefanya mazoezi, na ushauri kwamba nitembee na fimbo. Mtu wa kwenye karatasi alikuwa anainua mguu wa lefti. Hilo nalo nilielewa kwa akili yangu: mguu mzima utiwe nguvu ufanye kazi ya miwili.

Miezi sita, ndugu msomaji. Miezi sita kila asubuhi nilisimama nyuma ya jikoni nimeshika mti wa parachichi, nimejisimamisha kwa mguu mgonjwa, nikiinua ule mzima. Mguu wangu wa lefti ungeweza kulima ekari. Wa raiti ulikuwa ukiniambia mambo ambayo siyarudii.

Na kitu kibaya zaidi kuliko uchungu kilikuwa zile habari za picha safi. Zilinitangulia kila mahali. Mwanangu akaanza kusema, lakini Mum, daktari si alisema hakuna kitu. Mke wake, ambaye ana adabu sana, akauliza kama nimewahi kufikiria ni mawazo ya upweke. Kwenye kituo cha kupimia majani wanawake waliniona nikishuka kilima nikichechemea wakaangaliana. Uchungu usiotokea kwenye picha unageuka tabia yako. Nikaanza kujitilia shaka hata mimi, kwamba pengine nimezeeka vibaya, nimekuwa mmoja wa wale akina mama wanaougua ili watembelewe.

Mimi mdogo hakuwa ananingoja. Alikaa. Akaota meno mawili. Akatambaa. Kila Jumapili ya pili mwanangu alimleta Othaya ama mimi nikaenda kwao Nyeri, na kila mara nilimpata amesonga mbele. Alipokuwa na miezi tisa nilimkuta sakafuni kwao, na mkwe wangu wa Wang'uru yuko jikoni. Mtoto akaniona kwenye kiti, akatambaa mbio, akashika sketi yangu, akajivuta akasimama akitetemeka. Akainua mikono yote miwili.

Nilijaribu. Nilimshika makwapani, nikamwinua mpaka urefu wa goti, nyonga ikafunga kabisa, nikamrudisha chini. Akainua mikono tena. Nikamchekea, nikampigia makofi, nikamwonyesha funguo. Akanitazama kidogo kama mtu aliyebisha hodi mlango usio wake, akageuka, akatambaa kwenda jikoni. Nikasikia mkwe wangu akimwambia njoo njoo njoo, na leso ikipigwa. Nilikaa pale na funguo mkononi.

Jumatatu nilikuwa kliniki kabla haijafunguliwa. Sikujua nitasema nini. Nilijua tu nitasema kwa nguvu.

Yule binti alikuwa amesimama mlangoni kwake akiongea na muuguzi, akaniona nikija kwenye ule ukumbi mrefu, fimbo mkono wa raiti, nikijitupa upande huo kila hatua. Akanitazama mpaka nilipofika, akaniuliza mbona nachechemea mguu huu. Nikamjibu kwa ukali kwamba ndio huo huo mgonjwa, kwani nichechemee upi. Akafungua faili yangu.

"Hapa imeandikwa kushoto," akasema. "Nilikuuliza kama ni ya kulia, mama. Ukasema hapana."

"Uliniuliza kama ni ya kulia. Mimi sikuwa nalia."

Niliona neno likimwingia, likitafuta mahali pa kukaa, kisha akaketi kwenye benchi la wagonjwa, akajifunika uso kwa ushungi, na mabega yakaanza kutikisika. Kwa muda nilifikiria kumpa fimbo moja. Miezi sita! Theluthi ya muda wangu wote wa kubeba mtoto, nimeutumia kuinua mguu usio na hatia. Halafu nikaona ule mti wa parachichi na mimi nimeushika, na kicheko kikanitoka mpaka pumzi ikataka kukatika. Muuguzi alidhani tumepokea habari mbaya.

Daktari alipopata pumzi hakunitupia lawama. Alisema kosa ni lake, kwamba angenilaza kitandani siku ile akanigusa miguu yote miwili, foleni iwe ndefu namna gani. Hilo lilinilainisha. Akanishika mkono akaniingiza ndani, akafunga mlango, akakaa si nyuma ya meza bali kando yangu.

"Sasa nikuulize lile ulilolisikia," akasema. "Inakuliza?"

Nilifungua mdomo nimwambie hapana. Badala yake nikamwambia ndiyo, na nikalia. Sikulia kidogo. Nililia kwa ajili ya soksi, na kusimama ubeti wa pili, na kuitwa mtu wa mawazo, na ile mikono miwili iliyoinuliwa mara mbili. Nikamwambia habari za mtoto na jina. Hakuniambia pole pole nyamaza. Aliniachia karatasi za kujipangusia akakaa tu, na bahasha zikangoja nje.

Picha ya pili haikuhitaji mtaalamu. Hata mimi niliona: mahali panapofaa kuwa na nafasi kati ya mfupa na mfupa, hapakuwa na nafasi. Ule mto laini ulikuwa umelika. Akanieleza bila kunipamba. Iko siku huenda nikahitaji upasuaji wa kuwekewa nyonga mpya, na tutaiendea hiyo siku ikifika. Kabla ya hapo kuna mengi ya kufanya, na sitakuwa tena kama msichana, lakini naweza kuwa mtu anayevaa soksi. Nikamuuliza kuhusu kubeba mtoto. Akafikiri, akasema tujaribu, lakini mwezi wa kwanza nitamchukia. Fimbo akaihamishia mkono wa lefti, jambo lililoonekana upuuzi kwangu mpaka nilipotembea hatua nne na kuhisi uzito ukitoka kwenye nyonga. Kikapu cha majani akakipiga marufuku. Kwenye choo nitafute kiti cha kuwekwa juu ya shimo. Halafu akachukua kalamu, akaniambia nipandishe sketi kidogo, akaandika kwenye goti langu la raiti kwa herufi kubwa: HUU.

Alikuwa sahihi, mwezi wa kwanza nilimchukia. Ulale chali, uinue makalio. Ulale upande, uinue mguu. Usimame, uupeleke mguu nje, urudishe polepole, tena polepole. Nilimtukana kwa Gikuyu na kwa Kiswahili, na wakati mwingine nikiwa na ushungi wake mweupe mbele ya macho yangu. Mwezi wa pili niligundua nimeshuka kitandani bila kwanza kufanya mkutano na mguu.

Kwenye kituo cha majani, ambako kikapu changu sasa kililetwa na kijana wa kibarua, tukingoja lori, nilikuwa nashika ukuta na kufanya mazoezi yangu ya kusimama, kwa sababu kungoja ni kungoja. Mara ya kwanza wanawake walicheka. Mara ya pili mmoja akauliza huo mguu unaupelekea nini huko. Nikamweleza. Kumbe yeye goti lake halijalala wiki mbili. Kumbe mwingine ni bega, na mwingine hajawahi kumwambia mtu. Mvua ndefu zilipokwisha tulikuwa wanawake sita tumeshika ukuta wa kituo tukiinua miguu kwa zamu, na mimi ndiye mwenye kuhesabu, na ukali wangu wote hatimaye umepata kazi. Dereva wa lori aliteremka akauliza tumehamia kanisa gani.

Nyumbani nilikuwa na zoezi langu la siri. Nilifunga pakiti moja ya unga wa mahindi kwenye leso, nikaiweka mgongoni, nikazunguka boma. Wiki mbili baadaye pakiti mbili. Nilijifunza kuinama kwa magoti, si kwa kiuno, na kusimama nikitoa pumzi. Pakiti tatu. Nilizoea mpaka nikawa naziimbia. Jirani alinipata karibu na zizi nikipigapiga mgongo wa unga na kuuambia ulale, akarudi kwake bila kusema alichokuja kuomba. Nilipofika pakiti tano, kilo kumi, na nyonga ikanung'unika tu bila kupiga kelele, nilijua niko tayari. Mtoto alikuwa na mwaka na miezi minane. Alikuwa anatembea, ndiyo, lakini bado ni wa mgongoni, ukimwahi.

Jumamosi ya wiki hiyo hiyo, nikiwa napasi leso, mke wa mwanangu akapiga simu. Sauti yake haikuwa nzuri. Mtoto anachechemea. Imekuwa wiki nzima, si kila saa, lakini inakuja na kwenda. Wamempeleka hospitali, amepigwa picha, na picha ni safi. Wameambiwa wangoje waone. Akaniuliza, kwa ile adabu yake, kama huu ugonjwa wangu ni wa familia.

Nilizima pasi. Nilikaa kwenye kitanda. Ile furaha yote ya miezi, wanawake sita ukutani na pakiti tano za unga, ilinitoka mara moja. Nilijiambia basi, nimempa jina na nimempa mguu. Mtu anapopewa jina anapewa mtu mzima, na sikuwa nimefikiria kwamba mtu mzima huja na mifupa yake. Niliomba Mungu auchukue huo ugonjwa anirudishie mimi, wote, na soksi na kila kitu. Nilikuwa naomba kwa kweli.

Asubuhi nilikuwa kwa mwanangu kabla ya watu kwenda kanisani. Mkwe wangu wa Wang'uru alikuwa amefika tangu jana na alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Mtoto alikuwa sakafuni na vifuniko vya sufuria. Akaniona. Akaacha vifuniko, akasimama, akaweka mkono mmoja kiunoni, akaanza kuja.

Ilikuwa kweli. Alikuwa anavuta mguu. Alitupa mwili upande kila hatua, uso ameukunja, mdomo ameubana. Mama yake akafunika mdomo kwa mkono, akaniambia unaona, Mum, unaona. Niliona. Mtoto akafika kwenye kistuli kilichokuwa karibu na kochi, akakishika, akajigeuza polepole, akafumba jicho moja, akajishusha kwa awamu mbili. Alipofika chini akatoa pumzi ndefu, "Aaai, Ngai," akanyoosha mguu mmoja mbele na kuanza kusugua paja.

Ungo uliacha kupepeta. Mkwe wangu alikuwa amemkazia mtoto macho, halafu akanikazia mimi, na mdomo wake ukaanza kucheza.

"Huyu mtoto hana ugonjwa," akasema. "Huyu ni wewe."

Nikamtazama tena yule mtu mdogo kwenye kistuli, lile jicho lililofumbwa, ule mguu ulionyooshwa, na nikajiona, kila kitu, hata ile namna ya kutaja Mungu nusu kwa kusali nusu kwa kulaumu. Mke wa mwanangu akaanza kucheka na kulia pamoja. Mkwe wangu alicheka mpaka mchele ukamwagika. Mimi nilibaki nimesimama mlangoni. Sikuwa nimembeba mtoto huyo hata siku moja, na nilikuwa nimeamini kwamba kwa sababu hiyo hanijui. Kumbe miezi yote ile nikiwa nimekwama kwenye kochi, yeye kule sakafuni alikuwa ananisoma.

Mkwe wangu akafungua leso aliyokuwa nayo kiunoni akanipa. Hakusema neno la ziada, na kwa hilo nitamshukuru daima. Nikainama kwa magoti, akamsukuma mtoto juu ya mgongo wangu, nikafunga kifundo mwenyewe. Nikatoa pumzi, nikasimama. Nyonga ilinung'unika, ikanyamaza. Alikuwa mzito kuliko unga na alikuwa na joto, na shavu lake lilikaa katikati ya mabega yangu mahali ambapo hakuna kitu kilichokuwa kimekaa tangu mwanangu alipokuwa mdogo. Nilitembea naye kutoka sebuleni hadi kwenye geti, nikazunguka kamba ya nguo, nikarudi.

Tulipofika mlangoni akaanza kujipinda, "Shuka, shuka." Nikamshusha. Mara tu miguu yake ilipogusa saruji, mkono ukaenda kiunoni, mwili ukaegemea upande, akaanza kujikokota kuelekea vifuniko vyake.

Nilimpita nikasimama mbele yake. Fimbo niliiacha ukutani.

"Mami," nikamwambia, "sisi hatutembei hivyo tena."

Nikamwonyesha. Nilitembea hadi mwisho wa sebule, wima niwezavyo, mguu huu, kisha huu, bila kuharakisha, nikageuka nikarudi. Hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa anatazama miguu. Nikaenda tena nikarudi tena, na mara ya tatu akaondoa mkono kiunoni akanifuata.